Diski mbili ndani ya kompyuta moja, na nyimbo saba za Matema

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video hapa Mbeya: harusi, sendofu, kipaimara, misiba kwa familia zinazotaka, na zaidi ya yote kwaya. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaojiundia kompyuta nyumbani, ambao siku moja watasikia kwamba ukichukua hadidiski mbili ukazifanya zifanye kazi kama moja, mwendo unakuwa mara mbili. Ni kweli, unakaribia mara mbili. Mimi nilifanya hivyo Septemba 2022 na kwa miezi mitano nilifurahi sana. Juni 2023 nikakodi Coaster kwa fedha yangu kuwarudisha watu 24 ufukweni Matema.

Kompyuta yenyewe niliiunda kidogo kidogo, kila kazi ikilipia kifaa kimoja. Kasha na pawa saplai nilinunua Mwanjelwa, vyote vimetumika. Madabodi, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4 na rami ya GB 16 niliagiza Kariakoo, vikaja kwa basi, nikavifuata stendi usiku vikiwa vimeviringishiwa magazeti ndani ya boksi la sabuni. Windows niliiweka kwenye SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ya GB 240. Kuunganisha hakukunisumbua: bisibisi moja ya nyota, simu ya kumulikia, na uvumilivu wa kuhakikisha kila kinundu cha shaba chini ya madabodi kiko chini ya tundu lake. Kitu ambacho ningekirekebisha ni pawa saplai. Nilichukua ya bei rahisi yenye waya chache za kulishia diski, nikalazimika kuongeza kigawanyio cha waya cha shilingi 3,000. Hicho kigawanyio nitakirudia.

Shida iliyonisukuma ilikuwa hii. Kamera zangu zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama MB 12.5 kila sekunde, GB 45 kila saa kwa kila kamera. Kamera mbili zikicheza pamoja kwenye programu ya kuhariri, huku programu yenyewe ikiandika faili zake za muda humo humo, kichwa cha kusomea cha diski kinakimbia huku na huko bila kupumzika. Hadidiski inasoma vizuri ikisoma kwa mfululizo. Ukiirusharusha, kasi inaanguka vibaya. Nilikuwa na diski moja ya TB 1, imejaa karibu yote, na kila nilipofungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, iliniandikia diski 100%. Picha zinakwama, sauti inakwenda, mteja yuko pembeni anatazama saa.

Nikasoma kuhusu RAID 0, ndiyo hiyo njia ya kuzifanya diski mbili zifanye kazi kama moja. Nikanunua diski mpya ya TB 2, ya mizunguko 7,200 kwa dakika, shilingi 210,000. Ya pili nilikosa fedha, nikachukua iliyotumika, TB 2 pia lakini ya aina nyingine na ya mizunguko ya chini, shilingi 110,000. Muuzaji aliichomeka mbele yangu, ikasoma, nikalipa. Sikumwomba afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski. Nilipokuja kuifungua mwenyewe, maji yakiwa yameshamwagika, niliona diski ile imekwisha kuwashwa zaidi ya saa 31,000. Hiyo ni miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Nadhani ilitoka kwenye mashine ya kurekodia kamera za ulinzi, kwa sababu kompyuta ya ofisi haikai hewani namna hiyo. Kwa hiyo ukinunua diski iliyotumika, mwambie muuzaji akuonyeshe saa za kuwashwa, halafu tazama mistari minne: 05, C5, C6 na C7. Ule wa 05 unahesabu sehemu zilizokufa zikahamishwa, C5 zile zinazosubiri hukumu, C6 zilizoshindikana kabisa, C7 makosa ya njiani ambayo mara nyingi ni kebo. Mitatu ya kwanza ikiwa si sifuri, rudisha diski mezani uage vizuri.

Sasa niseme RAID 0 inafanya nini, maana mimi mwenyewe niliielewa baada ya kuumia. Kila faili linakatwa vipande vidogo vya ukubwa sawa. Kipande cha kwanza kinakwenda diski ya kwanza, cha pili diski ya pili, cha tatu kinarudi ya kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho. Chukua daftari la nyimbo, ulichambue kurasa: za witiri zote mpe soprano, za shufwa zote mpe besi. Wakisimama bega kwa bega wimbo unasomeka haraka, kwa sababu mmoja anafunua wakati mwenzake anasoma. Besi akisafiri na kurasa zake, soprano anabaki na karatasi ambazo hakuna wimbo hata mmoja unaoimbika kutoka humo.

Kwenye Windows kila kipande ni KB 64. Sekunde moja ya picha kutoka kamera yangu moja inakuwa vipande kama 190, nusu huku nusu kule. Faili pekee linaloweza kupona diski moja ikifa ni lile dogo kuliko kipande kimoja, na hilo nalo liwe limebahatika kukaa upande uliobaki. Hakuna video ya ukubwa huo.

Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, ndio walioandika mwaka 1988 ile makala iliyoipa RAID jina lake. Walipanga ngazi ya 1 hadi ya 5, na zote zilikuwa na njia ya kuokoa data diski moja ikianguka. Sifuri haikuwemo, iliongezwa baadaye, nayo haina akiba yoyote. Jina linabeba neno la Kiingereza lenye maana ya ziada ya kujihami, na sifuri ni kiasi cha hiyo ziada utakachopata. Laiti ningelijua hilo mapema, ningelinunua diski ya tatu kabla ya kununua ile ya pili.

Nilianzia kwenye baiosi, ile mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla Windows haijawaka. Madabodi yangu ina RAID yake, nikabadilisha mpangilio wa SATA, njia inayounganisha diski na madabodi, kutoka AHCI, yaani hali ya kawaida, kwenda RAID, nikahifadhi, nikawasha. Skrini ya bluu. Ikajizima, ikajiwasha, bluu tena. Nilikaa hadi usiku wa manane nikidhani nimeiua SSD. Kumbe Windows iliyofungwa kwenye AHCI inakuwa haijajiandaa na dereva (programu ya kuendeshea kifaa) ya RAID, kwa hiyo haiioni diski inayotakiwa kuanzia. Ukirudisha AHCI, inawaka kama kawaida. Kama ni lazima utumie RAID ya madabodi, weka mpangilio huo kabla ya kufunga Windows. Na kama umeshafunga, iambie kwanza Windows iwake kwa hali salama, ingia baiosi ubadilishe, iwake mara moja kwenye hali salama ijichagulie dereva, ndipo uirudishe kwenye hali ya kawaida.

Mimi niliachana nayo. Nilitumia Disk Management, sehemu ya kupangia diski ndani ya Windows yenyewe, na hadi leo naona huo ulikuwa uamuzi wangu mzuri pekee wa wiki ile. RAID ya madabodi inaifunga data yako kwenye aina ile ya madabodi. Siku ikiungua unaanza kutafuta ndugu yake. Ya Windows unaweza kuzihamishia diski zote mbili kwenye mashine nyingine yenye Windows Pro na zikatambuliwa. Inakubidi uwe na Pro kweli, maana toleo la Home halikubali diski za namna hiyo. Pia huwezi kuwashia kompyuta kutoka humo, ndiyo maana ya SSD. Na kumbuka kuunda volyumu hii, yaani diski mbili zikionekana kama moja, kunafuta kila kilichomo kwenye diski zote mbili, kwa hiyo chochote unachokipenda kitoe kwanza. Kazi ilichukua dakika kumi. Zikatokea TB 3.63 badala ya 4, na hapo hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Nikapima. Ile mpya peke yake ilikuwa inasoma MB 180 kwa sekunde, iliyotumika MB 140. Pamoja zikatoa 275. Angalia hesabu hiyo vizuri: 180 na 140 ni 320, lakini sikupata 320, kwa sababu ile yenye kasi inalazimika kumsubiri mwenzake kila zamu. Mbili za 140 zingenipa karibu kilekile. Ukiamua kufanya, nunua mbili za aina moja.

Kunakili kadi na kutoa faili za mwisho kukawa kwepesi kweli. Lakini kitu kilichonitesa, yaani picha kukwama wakati wa kukata, kilipungua tu, hakikuisha. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba sasa prosesa ndiyo iliyokuwa 100%, maana kufumbua picha za 4K zilizobanwa ni kazi ya prosesa, na i5 ya kizazi cha 4 ni mzee wa heshima. Kilichomaliza tatizo ni proksi: unaiagiza programu itengeneze nakala ndogo za picha, unakatia hizo, kisha wakati wa kutoa video yenyewe inarudi kwenye zile kubwa. Haigharimu senti. Ningeanza na proksi, inawezekana nisingenunua diski hata moja. Ndugu yangu unayesoma, kabla hujatoa shilingi 320,000, fungua Task Manager wakati kazi imekwama na uone ni nani hasa amefika 100%.

Onyo la kwanza lilikuja Desemba. Niliwasha kompyuta asubuhi, ile volyumu haipo. Disk Management imeandika "Missing" kwa diski moja na "Failed" kwa volyumu nzima. Nilihisi baridi mgongoni. Nikafungua kasha, nikagusa kile kigawanyio cha shilingi 3,000, kikacheza mkononi kama jino la mtoto. Nikakisukuma, nikawasha, nikaiamsha diski upya, kila kitu kikarudi. Nilifurahi hadi nikasahau nilichokuwa nimeonyeshwa. Siku ile ndiyo nilipaswa kununua diski ya akiba. Badala yake nilikaza kigawanyio kwa kamba ya plastiki.

Mwishoni mwa Januari 2023 tukaenda Matema na kwaya moja ya hapa mjini. Nyimbo saba, siku mbili, watu 24. Wanaoijua Matema wanajua kwa nini kwaya zetu zinapapenda: Milima ya Livingstone inateremka hadi kuligusa Ziwa Nyasa, na asubuhi maji yanakuwa kama kioo. Siku ya pili kulikuwa na vyungu vya Wakisi vimepangwa ufukweni vikisubiri wanunuzi, vyekundu, vingine vina michoro myeupe shingoni. Mwalimu wa kwaya akaona, akawapanga sauti ya pili nyuma ya vyungu kwa wimbo wa nne. Sikuwa nimepiga picha nzuri kama ile maishani mwangu.

Nilirudi na kadi nne za GB 128, karibu zote zimejaa. Jumatatu nikanakili zote kwenye volyumu yangu ya kasi. Jumamosi kulikuwa na harusi Uyole, nikahitaji kadi. Nikazifuta.

Tafadhali soma sentensi hiyo tena kama wewe ni mpiga video. Kuanzia dakika ile, jasho la siku mbili la watu 24 lilikuwa mahali pamoja tu duniani, nalo limekatwa vipande karibu milioni 7, nusu yake ikiwa kwenye diski niliyoinunua bila kuuliza umri.

Mvua za Februari hapa kwetu zinakuja na radi. Jioni moja nilikuwa nakata wimbo wa tano, umeme ukapiga kikumbo, taa zikafifia, zikawaka, zikazima. Ukarudi baada ya dakika chache, ukakatika tena, ukarudi. Sikuwa na UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Nilikuwa na kile kifaa cha kulinda friji, ambacho kinachelewesha umeme ukirudi lakini hakiwezi kukupa hata sekunde moja ukikatika. Nikawasha kompyuta. Kutoka ndani ya kasha ikaja sauti ambayo sitaisahau: tik, tik, tik, kimya, kisha tena tik, tik, tik. Ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia, hakiioni, kinarudi kupumzika, kinajaribu tena.

Sisemi umeme peke yake ndio ulioiua. Nilipoifungua CrystalDiskInfo katika moja ya dakika zile chache iliposoma, mstari wa C5 ulikuwa na mamia. Hiyo haitokei jioni moja. Diski ilikuwa inaniambia kwa wiki kadhaa, na mimi sikuwahi kuiuliza.

Faili la mradi, yaani ile ramani ya mikato, lilikuwa kwenye SSD. Sauti pia, kwa kuwa zilirekodiwa studio nami nilipewa nakala. Kwa hiyo nilipofungua mradi, kila kitu kilikuwa mahali pake: mikato yangu yote, majina ya nyimbo, rangi za kila kamera. Nikabonyeza icheze. Kwaya ikaimba wimbo wa nne kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti safi kabisa, na kwenye skrini mbao nyekundu tupu zinabadilishana pale pale nilipokuwa nimekata, zikisema picha haipo. Niliacha iimbe hadi mwisho kwa sababu mkono ulikataa kuizima.

Nilikosea tena baada ya hapo. Niliizima na kuiwasha ile diski mara nyingi, labda mara kumi na tano, nikitumaini itashika. Kama kichwa kimeharibika, kila kuwasha kunaweza kukwangua sahani zaidi, na palipokwanguliwa hapasomeki tena. Kuna aliyenishauri niiweke kwenye friza. Hilo nilikataa, namshukuru Mungu, maana ukiitoa unyevunyevu unageuka matone ya maji ndani. Diski ikianza kugonga, zima. Chomoa. Andika kwa kalamu ipi ilikuwa ya kwanza na ipi ya pili, na ukubwa wa kipande, kisha mpelekee fundi wa kuokoa data zote mbili, kwa sababu moja peke yake haimsaidii.

Nilizituma Dar es Salaam. Uchunguzi shilingi 50,000, na jibu likaja baada ya siku tisa: sahani zimekwanguliwa, kujaribu ni shilingi 1,600,000, bila ahadi. Nililala nalo usiku mmoja. Asubuhi nikamwambia azirudishe.

Kumwambia Mwalimu nilikwenda kwa miguu hadi kanisani siku ya mazoezi, nikasubiri nje hadi walipomaliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Video imefikia wapi? Wazee wananiuliza kila Jumapili."

"Mwalimu, nimekuja mwenyewe kwa sababu si jambo la kusema kwenye simu. Picha zote za Matema zimepotea. Kosa ni langu."

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Alikunja karatasi zake za nyimbo, akazikunjua. Halafu akauliza: "Na sauti?"

"Sauti zipo, ziko studio."

"Basi tunacho cha kuanzia. Njoo Jumatano uwaambie wenyewe, mimi sitawasemea."

Jumatano nikawaambia. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alilia, na mimi nikalia. Kaka mmoja aliuliza kama nitarudisha fedha, swali la haki kabisa. Nilisema nitarudisha nusu ya malipo, au nitawapeleka tena kwa gharama yangu, wachague. Walichagua Matema. Usijaribu kujificha na habari kama hii, wala kuipunguza. Mji huu ni mdogo, na siku nilipoisema yote kwa mdomo wangu ndiyo siku walipokubali kunisikiliza.

Gharama za safari ya pili: Coaster na mafuta 450,000, chakula 120,000, mpiga kamera wa pili 100,000. Ongeza uchunguzi wa Dar na diski iliyokufa, unapata shilingi 830,000. Diski ya nje ya TB 4 niliyokuwa naikwepa kuinunua ilikuwa 380,000.

Juni ziwa lilikuwa zuri, ila vyungu havikuwepo siku ile. Dada aliyeongoza wimbo wa nne ni mwalimu wa shule, alikuwa ameshahamishiwa Songea. Sauti yake ipo kwenye wimbo, uso haupo. Nilikuja kupata kipande cha sekunde 40 nilichowahi kumtumia Mwalimu kwa WhatsApp Januari ile, kimebanwa, kimefifia, lakini yeye yumo anaimba na vyungu viko mbele yake. Nimekiweka mwanzoni mwa wimbo, kidogo, kwenye kona. Dada huyo alipoiona alinipigia simu kutoka Songea, akasema tu, "Ndaga fijo." Asante sana.

Baada ya hapo wengi wananiuliza kama niliitupa RAID 0. Hapana. Nimeijenga upya, diski mbili mpya, za aina moja, pawa saplai mpya yenye waya za kutosha bila kigawanyio, na UPS ya VA 650 inayonipa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Radi zikianza kunguruma upande wa Mlima Loleza, nachomoa kila kitu ukutani, UPS ikiwemo. Ila volyumu ile sasa ni meza ya kukatia tu. Kinachoingia pale kinakuwa tayari kiko mahali pengine. Kadi zikifika nyumbani zinanakiliwa kwanza kwenye diski ya nje, kisha kwenye volyumu, kisha nafungua faili moja moja kuona zinacheza, na kadi hazifutwi hadi nakala ya tatu iwe imetoka nje ya nyumba yangu. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza utaratibu huu kwa hesabu ya 3, 2, 1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali. Mimi ya mbali iko kwa dada yangu Uyole, kabatini, imefungwa ndani ya kitenge. Nazo ziko mbili zinazopokezana. Jumapili baada ya ibada napeleka moja narudi na nyingine.

Kazi za mchana zinanakiliwa usiku kwa robocopy, programu ya kunakili kwa kuandika amri, ambayo imo ndani ya Windows. Nitakuonya juu ya kitu kimoja: watu wengi wanafundishana kutumia /MIR. Amri hiyo inailinganisha nakala na asili, maana yake ulichofuta kwa bahati mbaya mchana kitafutwa na kwenye nakala usiku. Tumia /E, inaongeza bila kufuta, na usafi fanya kwa mkono.

Kama unaanza leo na kazi zako si kubwa mno, SSD moja ya kawaida ya SATA inasoma hadi MB 550 kwa sekunde, karibu mara mbili ya mpango wangu mzima wa kwanza, na hairukiruki kutafuta. Hadidiski mbili zina maana ukihitaji nafasi ya terabaiti kadhaa kwa bei nafuu. Na mkiambiwa, kama nilivyoambiwa mimi pale Kabwe, kwamba diski zinakufa Mbeya kwa sababu ya baridi na mwinuko, msikubali. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hadidiski nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,048. Kinachodhuru ni kuitoa diski kwenye baridi ya Juni hapa, ukaishusha Kyela kwenye joto, ukaichomeka saa ileile ikiwa imetoka jasho. Iache kwenye begi kwa saa mbili tatu kwanza.

Kila Ijumaa natazama ile mistari minne. Septemba mwaka jana, C5 ya diski moja kati ya zile mbili mpya ilisoma 1, baada ya miaka miwili ya sifuri. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nina sendofu ya kukabidhi Jumatatu. Nikahakikisha nakala ya nje imekamilika, nikateremka Mwanjelwa kabla maduka hayajafunga, nikanunua diski ya aina ileile, nikaifuta ile volyumu yote kwa mkono wangu na kuiunda upya. Kurudisha GB 900 kutoka diski ya nje kulichukua kama saa mbili na nusu. Saa tano usiku nilikuwa nakata tena.